Kadi ya Salamu kutoka Stesheni hadi Ujiji: Uchambuzi wa Msako wa Visanduku Uliokwama Njiani

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea mjini Kigoma, kati ya stesheni ya reli na ufukwe wa Ujiji, mwezi wa Juni, wakati walimu watatu, mimi nikiwa mmoja wao, tulipoandaa matembezi ya miguu pamoja na vijana wetu. Njiani tulificha visanduku sita, kila kimoja kikibeba kipande cha historia ya redio ya zamani. Siku hiyo vilipatikana viwili tu. Cha tatu kilitufikisha mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kabla ya saa sita mchana matembezi yalikuwa yamekwisha. Wiki kumi baadaye tuliyarudia, tukipita njia ileile, na visanduku vitano vikapatikana. Ninaeleza kwa kirefu kilichobadilika kati ya mara ya kwanza na ya pili, kwa sababu naamini kosa letu linaweza kurudiwa na yeyote anayetaka kuwatembeza watu katika historia ya mji wake.

Msako wenyewe

Mchezo huu ulianzia Uingereza, katika nyika ya Dartmoor. Mwaka 1854 James Perrott, mwongoza wageni wa Chagford, aliacha chupa kando ya Cranmere Pool, mahali pa mbali na pagumu kufikika, ili kila aliyefika atie humo kadi yenye jina lake. Baadaye wageni walianza kuacha barua na postikadi zilizokwisha kuandikwa anwani, na aliyefika baada yao alizichukua na kuzitia posta. Hapo ndipo mchezo ulipopata jina la sanduku la barua. Siku hizi kisanduku hubeba muhuri wa mpira uliochongwa kwa mkono pamoja na daftari. Msakaji naye huja na muhuri wake na daftari lake. Akikipata kisanduku, hugonga muhuri wake katika daftari la kisanduku, hugonga muhuri wa kisanduku katika daftari lake, kisha hukirudisha kisanduku palepale alipokitoa. Haongozwi na satelaiti wala ramani ya simu, bali na kidokezo kilichoandikwa, kinachomlazimu kutazama mahali, kuhesabu hatua na kufikiri. Tena wasakaji wengi hawatumii majina waliyopewa na wazazi wao. Kila mmoja hujichagulia jina la msakoni. Namwomba msomaji alishike jambo hili la kadi na majina, kwa kuwa ndiko kisa kizima kilikogeukia.

Mihuri tuliichonga kwa soli za kandambili zilizochakaa, kwa kutumia wembe. Kazi hiyo inahitaji utulivu, kwa sababu kila herufi lazima ichongwe kinyume. Kijana mmoja alichonga neno REDIO kwa ustadi mkubwa, akalipaka wino na kuligonga, na karatasini likatokea limeanzia mwisho, na E na R zikitazama nyuma. Alichukua soli nyingine akaanza upya bila kuambiwa na mtu. Visanduku vyenyewe vilikuwa vikopo vya plastiki vyenye vifuniko vya kubana, kwa sababu tulijua mvua zingerudi ifikapo Novemba na daftari lisingehimili unyevu.

Vidokezo tulivyoviandika kwanza

Tulipoanza kuandika vidokezo, tulifanya kile ambacho walimu wa historia hufanya, yaani tulianza na miaka. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Shirika la Utangazaji la Tanganyika liliundwa mwaka 1956. Mwaka 1965 utangazaji uliwekwa chini ya serikali moja kwa moja, ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wasikilizaji wa rika langu bado wanaiita RTD. Kutokana na miaka hiyo tulitunga hesabu. Kidokezo cha kwanza kilimwambia msakaji asimame kwenye ngazi za stesheni, ajumlishe tarakimu za mwaka ambao Sauti ya Dar es Salaam ilianza, kisha apige hatua hizo kuelekea upande wa ziwa. Moja, tisa, tano na moja ni 16. Kidokezo cha tatu kilitumia mwaka 1956, na cha nne kilitumia 1965.

Kasoro ya kwanza ilikuwa ya hesabu tupu, na inaniuma kwamba hatukuiona mapema. Tarakimu za 1956 na za 1965 ni zilezile, na jumla yake ni 21 kwa vyovyote. Msakaji aliyechanganya kuundwa kwa shirika na kuanza kwa RTD alipiga hatua sawasawa na yule aliyejibu kwa usahihi. Kidokezo kilikuwa kinapima uwezo wa kujumlisha, wala hakikupima kama mtu ameelewa tofauti kati ya shirika la enzi za ukoloni na redio ya taifa huru.

Kasoro ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mwaka 1951 mitambo ya Dar es Salaam ilikuwa midogo, na matangazo yake yalikuwa ya wakazi wa jiji hilo na viunga vyake. Kigoma iko mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka huko. Kwa hiyo tulikuwa tumemsimamisha kijana wa Kigoma mbele ya stesheni ya kwao na kumwambia apige hatua 16 kwa ajili ya sauti ambayo babu yake, mwaka ule, hakuweza kuisikia. Kisanduku cha pili nacho kilifichwa jirani na mnara wa simu za mkononi huko Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, kwa sababu tu mnara ulionekana kutoka mbali na ulifanana na mambo ya mawasiliano. Vijana wawili waliniuliza kama RTD ilikuwa pale. Nilijibu kwamba haikuwa pale, na nilipokuwa nikijibu nikatambua kwamba sikuwa na sababu yoyote ya kuwaleta mahali hapo.

Kisanduku cha tatu

Asubuhi ya Jumamosi hiyo wasakaji walikuwa 14, katika makundi manne. Walipanda kutoka stesheni kwa barabara ya Lumumba, chini ya miembe, hadi Mwanga, kisha wakashika njia ya Ujiji. Kutoka stesheni hadi Ujiji ni takriban kilomita 8, na mtu anayetembea bila haraka huzimaliza kwa saa mbili. Kisanduku cha kwanza na cha pili vilipatikana bila shida. Cha tatu kilikuwa kwenye mizizi ya mwembe mkubwa mwanzoni mwa Ujiji, hatua chache kutoka baraza ya nyumba moja, na tulikuwa tumekifukia nusu kwa udongo na majani makavu.

Kundi la kwanza lilipoanza kufukua, mama mmoja alitoka na kuuliza wanatafuta nini. Vijana walimwamkia, naye akaitikia marahaba, kisha akarudia swali lake. Jibu lao, kwamba wanatafuta kisanduku walichofichiwa, halikusaidia. Jirani alikuja, akaja mwingine, na mzee mmoja akaomba afunguliwe kikopo aone kilichomo. Ndani mlikuwa na daftari lenye majina yasiyo ya kawaida, ambayo sisi waandaaji tulikuwa tumejaribu nayo mihuri siku iliyotangulia, na kidau cha wino mwekundu ambao ulikuwa umevuja na kulowanisha kurasa mbili.

Inafaa nieleze kwa nini jambo hili lilikuwa zito, kwa sababu msomaji asiyeifahamu Ujiji anaweza kudhani watu walikuwa wakali bure. Ujiji ni mji mkongwe wa Waislamu, wenye walimu wa dini na waganga wanaoandika kombe (maandishi ya dini yanayooshwa kwa maji ili mgonjwa ayanywe) na hirizi kwa zafarani, ambayo huacha rangi ya wekundu karatasini. Kitu chenye maandishi mekundu na orodha ya majina, kilichofukiwa usiku kwenye mizizi ya mti ulio mbele ya mlango wa watu, kinasomeka kwa namna moja tu. Mzee yule alinitazama akasema, kwa sauti ya upole kabisa: "Mwalimu, kitu kinachofichwa mlangoni mwa mtu bila mwenye mlango kuambiwa, hapa kina jina lake." Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa amesema kweli, na tena amelisema kwa heshima kuliko nilivyostahili.

Mihuri iliongeza mashaka ya aina nyingine. Kwetu muhuri ni kitu cha ofisi: barua ya utambulisho haikubaliki bila muhuri wa mtaa, na mauziano ya kiwanja hayasimami bila huo. Mtu mmoja aliuliza kama tumekuja kupima ardhi na kuweka alama za mipaka. Hatukuwa tumemwona mwenyekiti wa mtaa wala mtendaji kabla ya kuja. Tulidhani matembezi ya kawaida ya vijana hayahitaji ruhusa. Mwenyekiti alipofika alitusikiliza, akakagua daftari, na akaamua kwamba visanduku vyote vilivyobaki vitolewe siku ileile, mbele ya wenye nyumba. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Tulipovifuata, kimoja hakikuonekana tena. Nadhani watoto walikiona ni kikopo kizuri wakaenda nacho, na daftari lake halikupatikana kamwe.

Bibi na kadi zake

Ufumbuzi ulikuja wakati wa kukabidhi kisanduku cha tano, kilichokuwa nyuma ya benchi la baraza moja karibu na sokoni. Bibi mwenye nyumba hiyo, tuliyemkuta akichambua dagaa katika ungo, hakukasirika. Alilichukua daftari, akaliweka mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, na akaanza kusoma majina yale kwa sauti, moja baada ya jingine, kwa mwendo wa mtangazaji. Kisha akauliza: "Wanangu, hizi si salamu?"

Aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililoanza kushika kutu. Ndani mlikuwa na fungu la kadi za salamu zilizofungwa kwa ukili, nyingine zimeandikwa na nyingine bado tupu. Kijana wa leo anahitaji kuelezwa kadi hizo zilikuwa nini. Msikilizaji alinunua kadi dukani, akaandika jina lake na sanduku la posta, akaorodhesha watu anaowasalimu wakiwa wametenganishwa kwa mkato, na mwishoni akaweka ujumbe mfupi. Aliipeleka posta, na baada ya majuma kadhaa, katika kipindi cha salamu, mtangazaji wa Dar es Salaam aliisoma hewani. Kadi niliyoishika mkononi ilikuwa na wino wa bluu uliofifia, orodha ya majina tisa, na chini yake maneno haya: Ujumbe, milima haikutani, binadamu hukutana. Marehemu mumewe ndiye aliyeiandika. Hakutumia jina lake. Alijiita kwa jina la usalimiaji lililojulikana mjini kote, kiasi kwamba, kwa maelezo ya bibi, wako waliokuja msibani ambao hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake halisi.

Nilimwuliza hao tisa walikuwa wakiishi wapi. Alianza kuwahesabu kwa vidole. Wawili walikuwa Mpanda, mmoja Tabora, mmoja alikuwa baharia wa meli ya Liemba. Watano waliobaki walikuwa wa Ujiji hapahapa, na mmoja wa hao watano alikuwa yeye mwenyewe, mke wa nyumbani.

Ninaomba nisimame kidogo hapa. Mtu anataka kumsalimu mkewe anayelala naye nyumba moja. Anaandika kadi, anaitembeza hadi posta, kadi inapanda treni, inakwenda zaidi ya kilomita 1,200, inasomwa chumbani Dar es Salaam, na salamu inarudi kwa mawimbi ya hewani hadi kwenye redio iliyo juu ya kabati katika chumba kilekile ilikotoka. Njia yote hiyo ilikuwa na maana yake: salamu iliyopita Dar es Salaam ilisikiwa na mji mzima, na mke aliyetajwa redioni alitajwa mbele ya majirani wote. Hiyo ndiyo historia ya redio ya Kigoma. Mji wetu haukuanza kwa kuwa na studio. Ulikuwa na masikio, posta na treni. Sisi tulikuwa tumewatafutia vijana historia ya walioongea, ilhali mbele yetu palikuwa na historia ya waliosikiliza na waliotaka kusikiwa, iliyokuwa imejaa kwenye makopo ya majumbani.

Tena, chupa ya Dartmoor ilianza kwa kadi yenye jina la aliyefika, na jina la msakoni halina tofauti na jina la usalimiaji. Mchezo tuliouleta kama kitu kigeni ulikuwa na ndugu yake hapa kwetu, na ilimpasa bibi mwenye ungo wa dagaa kutuonyesha.

Njia iliyopangwa upya

Tuliamua njia ifuate safari ya kadi. Inaanzia stesheni, mahali kadi ilipoondokea, na inaishia ufukweni Ujiji, mahali sauti ilipopokewa jioni. Hatua za kuhesabu kwa tarakimu za miaka tulizifuta zote. Kila kidokezo sasa kimetungwa kutokana na maneno ya mtu aliyesikiliza redio mahali hapo, na kila kisanduku kina mlezi, ambaye ni mwenye nyumba au mwenye kibanda aliyekubali kukitunza na kuamua kikae wapi. Mwenyekiti wa kila mtaa na mtendaji wake walipata barua na walionyeshwa yaliyomo. Wino ni wa bluu. Daftari limepigwa mistari kama kadi ya salamu: mimi fulani, nikiwa mahali fulani, nawasalimu wafuatao, ujumbe wangu ni huu.

Kisanduku cha stesheni kilitaka kazi ndogo tu. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo mingi gazeti lililosomwa hapa lilikuwa limekaa siku kadhaa kwenye behewa. Kidokezo kinamtaka msakaji ajiulize ni kitu gani kilichokwenda kwa siku na kurudi kwa sekunde, na mlezi wa kisanduku, muuza kahawa, humpa akishajibu.

Cha pili kilitoka mnarani kikaenda kwenye kibanda cha fundi redio, Mwanga. Fundi huyu anazo rafu mbili za redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, na anakumbuka ugonjwa wa kila moja. Aliwaonyesha vijana jinsi watu walivyokuwa wakiyaanika mawe ya redio juani juu ya bati ili yapate nguvu ya siku moja zaidi, na kwa nini hilo lilisaidia: joto huuchangamsha utendaji wa kemikali zilizobaki ndani ya betri kavu, lakini haliongezi kitu kipya, kwa hiyo nguvu hiyo huisha haraka. Aliwaonyesha pia sindano ya kutafutia stesheni na kamba yake nyembamba iliyozungushiwa gurudumu, ambayo ikikatika redio inabaki kwenye stesheni moja. Kijana mmoja alipendekeza muhuri wa kisanduku hiki uwe na picha ya ile redio ya duara, yenye umbo la sufuria na valvu nne, iliyoanza kuuzwa Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1949 kwa pauni 5, ikitumia betri kavu. Ni habari nzuri, na nchi hiyo, Zambia ya leo, iko ncha ya kusini ya ziwa letu hilihili. Hata hivyo tulikataa, kwa kuwa hakuna msikilizaji hata mmoja katika wale tuliozungumza nao aliyekuwa na kumbukumbu ya chombo hicho. Muhuri ukachongwa picha ya betri mbili zimelala juu ya bati.

Cha tatu ndicho kilichotuponza, na ndicho ambacho leo nakipenda kuliko vyote. Mzee aliyetuonya chini ya mwembe aligeuka kuwa mlezi wake, na si kwa kubembelezwa. Alikuja mwenyewe aliposikia tunakusanya habari za redio. Mwaka 1973 alikuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kampeni hiyo ilidumu wiki 12, ikafikia takriban watu milioni 2 nchi nzima, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kwa ajili yake. Kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi, mwenye kujua kusoma akasoma sehemu ya kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua kazi ya kufanya. Mada zilikuwa za malaria, kichocho, safura, kifua kikuu na mengineyo yaliyowaumiza. Mzee anasema siku ya safura hakuna aliyeondoka mapema. Waliukagua uwanja wa kila mmoja, wakachimba vyoo saba ndani ya mwezi mmoja, na mwembe ule ndio uliokuwa darasa lao, redio ikitundikwa kwenye tawi ili sauti iwafikie waliokaa nyuma. Sisi tulikuwa tumechagua mti ule kwa sababu ya ukubwa wa mizizi yake. Hatukuwa tumemwuliza mtu yeyote mti wenyewe ulikuwa nini.

Kidokezo chake sasa kinasema hivi: "Nitafute mahali redio ilipotundikwa kama ndizi, na watu wakaondoka na majembe." Kovu la kamba bado linaonekana kwenye gome, na msakaji akiliona ndipo anapobisha hodi.

Cha nne kinahusu jioni za taarifa ya habari ya saa mbili usiku, hasa Novemba 1978, wakati Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa juu ya uvamizi wa majeshi ya Idi Amin, na Aprili 1984, alipotangaza kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine. Hiki ndicho kisanduku ambacho hakikupatikana mara ya pili. Mlezi wake, mwenye duka, alikuwa safarini na aliondoka na ufunguo. Ni kasoro ya mpango wetu: mlezi mmoja hatoshi, na kila kisanduku sasa kimepewa wawili.

Ufukweni wakati wa magharibi

Cha sita kina sharti la saa. Msakaji lazima afike ufukweni jua likikaribia kuzama, akiwa na redio ndogo yenye mawimbi ya kati. Siku ya matembezi ya pili tuliwasha redio ya fundi saa kumi alasiri, na sindano ilipopita kutoka mwanzo hadi mwisho ilitoa mvumo mtupu. Kisha tukangoja. Wavuvi walikuwa wakipanga nyavu na kujaza mafuta katika karabai, kwa kuwa mwezi ulikuwa mchanga na dagaa hufuata taa usiku wa giza. Jua lilipozama nyuma ya milima ya Kongo sindano ilianza kukamata: kwanza sauti nyembamba ya mwanamume katika lugha ambayo hakuna aliyeitambua, kisha muziki, kisha sauti mbili zilizopandana.

Sababu yake iko angani. Wakati wa mchana mwanga wa jua hutengeneza tabaka la chini la hewa yenye chaji, kati ya kilomita 60 na 90 kutoka ardhini, na tabaka hilo humeza mawimbi ya kati yanayoelekea juu. Jua likizama tabaka hilo hutoweka haraka. Mawimbi hupenya, hugonga tabaka la juu zaidi na kurudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikorushwa. Wavuvi wa Ujiji walilijua jambo hili kwa uzoefu kabla ya sisi kulisoma vitabuni. Mmoja alituambia kwamba katika ujana wake redio ya mchana ilikuwa ya Dar es Salaam, kwa masafa mafupi, lakini redio ya usiku ziwani ilikuwa ya kila mtu: Burundi, Kongo, na rumba iliyofika hapa kabla ya bendi za Kigoma na Tabora kuipiga kwa Kiswahili.

Alisema na jambo jingine, kwa sauti ya chini. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia, ambamo majina ya waliopoteana yalisomwa. Mkoa wetu umepokea wakimbizi tangu miaka hiyo na hata kabla yake, na nyumbani kwa mvuvi huyu iliishi familia moja iliyokuwa ikisikiliza kila jioni. Walikuwa wakikaa kimya kabisa majina yakisomwa, hata mtoto mdogo alijua asilie. Mama wa familia hiyo alisikiliza kwa majuma mengi, na jioni moja akasimama ghafla, akatoka nje hadi majini, kwa sababu lilikuwa limetajwa jina la dada yake. Mvuvi alituonyesha kwa kidole mahali alipokuwa amesimama. Vijana wangu, ambao kwa kawaida hawatulii, walitazama pale bila kusema neno, na walipoandika katika daftari la kisanduku cha sita, karibu wote waliandika salamu kwa watu wa nyumbani kwao.

Lililobaki

Jambo moja hatujalimaliza. Daftari la kisanduku cha tano, kwa bibi wa kadi, lilijaa mapema kuliko mengine, kwa kuwa majirani nao walianza kuja kuandika, na wengi waliwasalimu marehemu. Tulipokwenda kulibadilisha kwa daftari jipya, bibi alikataa lile la zamani kuondoka barazani kwake, akasema kwamba salamu haichukuliwi kabla ya kusomwa. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba madaftari yote yanapaswa kuhifadhiwa shuleni yasiliwe na mchwa, na hoja yake ina uzito. Kwa sasa tumekubaliana kwamba bibi huyasoma majina kwa sauti kila Ijumaa alasiri, kwa yeyote aliyepo barazani, na daftari la pili limeshonwa kwenye la kwanza kwa uzi wa nyavu.